Kusoma mji wa Ulaya kwa miguu: mwongozo kwa mwanafunzi wa usanifu majengo na historia ya miji

Mwanafunzi anayekwenda Ulaya kwa muhula mmoja hutamani kuona kila kitu: Roma wiki hii, Paris wiki ijayo, Barcelona mwisho wa mwezi. Hurudi na maelfu ya picha kwenye simu, lakini ukimuuliza kwa nini barabara fulani imepinda pale ilipopinda, hana jibu. Sisi tunashauri kinyume chake. Chukua mji mmoja, au miwili ukipata muda, na ndani ya mji chagua vitalu vichache, yaani mafungu ya majengo yaliyozungukwa na barabara. Vitembelee tena na tena, vipime, vichore, kisha tafuta ramani zake za zamani.

Sababu ni hii. Uso wa jengo hupigwa lipu upya, madirisha huongezwa, ghorofa hupandishwa. Mpaka wa kiwanja una mwenyewe, na jirani yake pia ana mwenyewe, na hakuna aliye tayari kuusogeza bila kulipwa. Kwa hiyo mstari wa ardhi huishi mamia ya miaka baada ya jengo la kwanza kubomoka. Anayetazama nyuso peke yake husoma tabaka la juu tu.

Kabla ya kuondoka

Anza na hesabu ya muda. Vyuo vingi vya Ulaya hupima kazi kwa krediti za ECTS: krediti 60 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, ya darasani, ya maktaba na ya mtaani. Somo la krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180. Ratiba ikionyesha saa 40 za mihadhara, usidhani umepewa likizo. Zilizobaki ndizo za kutembea na kuchora, na mara nyingi hakuna wa kukusimamia.

Viza huwaponza wengi kwa hesabu ndogo tu. Viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo ni za nchi zote za Schengen kwa jumla. Wiki nane Italia na wiki sita Ureno ni siku 98: umeshavuka. Masomo ya zaidi ya siku 90 yanahitaji viza ya taifa, aina D, kutoka nchi ya chuo chenyewe. Maombi ya viza fupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Ukienda Italia kwa masomo marefu, una siku 8 za kazi tangu kuingia nchini kuomba kibali cha kuishi, *permesso di soggiorno*. Weka nakala za barua ya chuo, bima na mkataba wa chumba kwenye mkoba wa mkononi, maana utaombwa zote tatu katika wiki ya kwanza.

Kisha fanya mazoezi nyumbani. Pima nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa Mombasa, au ya Lamu, uichore ramani ya sakafu na mchoro wa mkato, yaani nyumba ikionekana kana kwamba imekatwa wima. Aliyewahi kupima nyumba hizo anajua kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba: boriti za mkandaa ndizo zilizoamua upana, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Swali hilohilo utalibeba Ulaya. Mbele ya kila chumba, uliza kwanza kimefunikwa kwa kitu gani: mti, tao la mawe, kuba ya zege au chuma. Jibu litakueleza upana wake, unene wa kuta zake, na mara nyingi umri wake.

Vifaa

Havizidi mkoba mmoja. Daftari la A4 lenye jalada gumu, penseli za 2B na HB, kalamu ya 0.3, futi ya fundi ya mita 5 na futi ndefu ya mita 30, kipimia-umbali cha leza, dira, kipande cha kadi nyeupe, na karatasi ya mraba iliyokunjwa pembe kwa pembe ili itoe pembetatu ya digrii 45. Viatu viwe vya soli nene, kwani vijiwe vya barabara za Roma na Lisbon huchosha nyayo kabla ya saa sita mchana, na vya Lisbon huteleza vibaya mvua ikinyesha. Roma maji ya kunywa ni ya bure kwenye mabomba ya mtaani yanayoitwa *nasoni*. Beba chupa tu.

Pima pia hatua yako. Tandaza mita 30, tembea kwa mwendo wako wa kawaida mara tatu, hesabu hatua, chukua wastani. Kipimo hicho kitakusaidia pale ambapo kutandaza futi haiwezekani kwa sababu ya watu au magari. Usikitumie kwenye mteremko, kwa kuwa hatua hufupika bila wewe kujua.

Ramani ya zamani kabla ya jengo

Kwa Roma, pa kuanzia ni ramani ya Giambattista Nolli ya mwaka 1748, iliyochongwa kwenye bamba 12 za shaba na inayopatikana bure kwenye intaneti kwa ubora mzuri. Ubora wake hauko katika usahihi pekee. Nolli alitia kivuli majengo ya watu binafsi, akaacha nyeupe barabara na viwanja vya wazi, na pia ndani ya makanisa, chini ya baraza zenye nguzo, na nyua ambazo mpita njia aliweza kuingia. Kwa jicho lake sakafu ya kanisa ni mwendelezo wa barabara.

Zoezi la kwanza: chapisha kipande cha mtaa mmoja kutoka ramani hiyo, uende nacho, utie alama kila sehemu nyeupe. Ipi bado iko wazi? Ipi ina mlango uliofungwa? Ipi inakutaka ulipe? Kwa nusu siku tu utakuwa na mchoro wako wa jinsi nafasi ya umma ilivyonywea au kupanuka tangu 1748.

Zoezi la pili ni kuilaza ramani hiyo juu ya ramani ya leo kwa programu ya QGIS, ambayo ni ya bure. Hapa makosa huwa mengi, na chanzo chake kinajulikana:

Nukta za kushikizia, yaani sehemu zinazoonekana kwenye ramani zote mbili, ziwe pembe za vitu visivyosogea, kama makanisa, madaraja na malango ya ukuta wa mji. Kingo za barabara hazifai, maana huenda ilipanuliwa katika karne ya 19. Zitawanye nukta karatasi nzima; zikirundikana pembe moja, upande wa pili utakengeuka kwa makumi ya mita. Mageuzi rahisi ya kihesabu, ambayo programu huyatumia kuivuta ramani ya zamani ikae juu ya ya leo, yanahitaji nukta 3, yale ya daraja la pili yanahitaji 6, lakini wewe weka 12 au zaidi, kisha ondoa moja moja zile zenye kosa kubwa na ujiulize kwa nini lilikuwa kubwa. Ramani iliyochapwa kwa vipande ishughulikie kipande kwa kipande, kwa sababu karatasi husinyaa tofauti. Na kabla ya yote angalia kaskazini iko wapi: ramani ya Roma ya Bufalini ya 1551 imechorwa mashariki ikiwa juu.

Njia ya siku moja Roma

Anza Piazza Navona asubuhi mapema, kabla meza za mikahawa hazijatandazwa. Umbo lake refu lenye ncha moja ya mviringo ni uwanja wa michezo wa mfalme Domitian, wa karne ya kwanza, wenye urefu wa karibu mita 275 na upana wa mita 106. Nafasi ya wazi unayosimama ilikuwa uwanja wa mbio. Nyumba zimejengwa juu ya majukwaa ya watazamaji. Tembea hadi nyuma ya ncha ya kaskazini, Piazza di Tor Sanguigna, uchungulie chini: matao ya mawe ya uwanja ule yako karibu mita nne na nusu chini ya barabara ya leo. Chora mkato hapo hapo, kuanzia tao la chini hadi paa la nyumba iliyo juu. Mchoro huo mmoja unafundisha zaidi ya picha mia.

Kutoka hapo nenda kusini hadi Via di Grotta Pinta. Nyumba zake zimejipinda kama upinde, nazo hazina kitu cha kale usoni. Upinde ule ni majukwaa ya ukumbi wa Pompey, uliofunguliwa mwaka 55 kabla ya Kristo. Kuta za zamani zilikuwa msingi wa bure, na aliyejenga katika zama za kati hakuwa na sababu ya kuzing'oa. Pima upana wa nyumba tano mfululizo, usoni na nyuma ukiweza. Utaona zinapungua kuelekea ndani ya upinde kama vipande vya chungwa, kwa kuwa zinafuata kuta zilizotawanyika kama miale ya jua, ambazo zilibeba viti.

Malizia San Clemente, mashariki ya Colosseum. Juu kuna basilika ya karne ya 12. Chini yake kanisa la karne ya 4. Chini zaidi majengo ya karne ya kwanza pamoja na hekalu la mungu Mithras. Tabaka za chini zilifukuliwa kuanzia 1857 na padre Joseph Mullooly, Mdominika kutoka Ireland. Hesabu vidato vya ngazi unaposhuka na upime kimo cha kidato kimoja. Zidisha, upate kina cha kila tabaka. Ndiyo njia rahisi ya kupima kimo popote palipo na ngazi na hapana ruhusa ya kutoa vifaa.

Tarehe zilizoandikwa ukutani, na namna zinavyodanganya

Pantheon, hekalu la kale la Roma, ndiyo somo la kwanza. Maandishi makubwa mbele yanasema Marcus Agrippa alijenga, alipokuwa konsuli mara ya tatu, yaani 27 kabla ya Kristo. Lakini matofali ya jengo lenyewe yana mihuri ya viwanda ya karne ya pili: tunachokiona kilijengwa upya na kukamilika wakati wa mfalme Hadrian, na jina la mjenzi wa kwanza likarudishwa mahali pake kwa heshima. Ndiyo maana tofali ni shahidi wa kuaminika kuliko bango.

Tarehe nyingine ni za kweli ila zinahesabiwa kwa kalenda usiyoizoea. Kwenye nyumba ya Lorenzo Manilio, Via del Portico d'Ottavia, mwaka ulioandikwa ni 2221 tangu kuasisiwa kwa Roma. Toa 753, unapata 1468. Mapapa huandika mwaka wa upapa wao: Sixtus V alichaguliwa Aprili 1585, kwa hiyo mwaka wake wa nne unaanza Aprili 1588. Majengo ya enzi ya Mussolini yana namba ya Kirumi pamoja na herufi E.F. (*Era Fascista*, enzi ya Ufashisti), na hesabu hiyo inaanza mwishoni mwa Oktoba 1922. Mwaka XIV basi ni kuanzia Oktoba 1935 hadi Oktoba 1936, si mwaka mmoja wa kawaida. Ureno, maandishi ya kabla ya 1422 mara nyingi hufuata kalenda ya Kaisari iliyotangulia kwa miaka 38, na asiyetoa 38 humzeesha mfalme aliyekuwa bado mtoto.

Pasipo na maandishi, tafuta makovu. Nguzo iliyomezwa na ukuta maana yake baraza ilizibwa. Dirisha lililojengewa matofali, mstari wima ambapo mawe ya upande mmoja hayaingiliani na ya upande wa pili, ukingo wa paa la zamani uliobaki kwenye ukuta wa jirani: vyote vichore vikiwa na vipimo. Ukuta wenye mstari wima usioingiliana ni kuta mbili za nyakati mbili, hata kama rangi ni moja.

Kupima bila kujidanganya

Kwa uso wa jengo, shikilia sifuri ya futi ndefu kwenye pembe moja na usiisogeze. Soma kila ukingo wa mlango na dirisha kutoka sifuri ile ile: 1.20, 2.35, 3.80. Ukipima kila dirisha peke yake na kukosea sentimita moja tu, madirisha 12 yanakupa sentimita 12 za uongo, na mchoro hautafunga.

Usiamini pembe yoyote kuwa ya digrii 90. Viwanja vya zama za kati ni nadra kuwa mraba. Pima pande zote nne za chumba au ua, halafu mishazari yote miwili. Bila mshazari, kipimo chako ni nusu, na ukishaondoka ni vigumu kurudi kuomba kuingia tena kwenye ua wa watu.

Kwa kimo, tumia ile karatasi ya digrii 45. Iweke jichoni, upande wa chini ukiwa sambamba na ardhi, urudi nyuma hadi ukingo wa paa uguse mstari wa mshazari. Kimo cha jengo ni umbali wako kutoka ukutani ukiongeza kimo cha jicho lako. Lisbon, penye miteremko, njia hii hukosea kwa kiasi cha tofauti ya ardhi kati yako na ukuta, hivyo pima tofauti hiyo kwanza au usimame kwenye mstari ulio sawa.

Leza ni nzuri ndani. Nje, juani, nukta nyekundu hupotea machoni baada ya mita chache. Mtu mmoja ashike kadi nyeupe upande wa pili, au ungoje jioni. Usiielekeze kwenye kioo: mwale hupita au kuakisiwa, na namba inayotoka haina maana.

Kwa aliyekulia karibu na ikweta, mwanga wa huko unataka mpango. Berlin mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Na jua la mchana daima liko upande wa kusini, kwa hiyo uso wa jengo unaotazama kaskazini hautalipata kabisa majira ya baridi. Picha yake ipige siku ya mawingu, pande zote zikiwa na mwanga sawa.

Pima kwa kipimo cha aliyejenga

Mita ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 18. Jengo la kabla ya hapo likipimwa kwa mita hutoa namba zisizosema kitu, kama nyumba ya Lamu iliyopigwa kwa mkono na shubiri. Zigeuze. Futi ya Kirumi ya kale ni sm 29.6. *Palmo* ya Ureno ni sm 22. *Braccio* ya Florence ni sm 58.4. Futi ya kifalme ya Paris ni sm 32.5, ya Prussia sm 31.4, ya Amsterdam sm 28.3.

Mfano mzuri uko Berlin. Kanuni ya ujenzi ya 1853 ilitaka ua wa ndani usiwe chini ya mita 5.34 kwa 5.34, namba ya ajabu ukiitazama kwa mita. Igawanye kwa 0.314: ni futi 17 za Prussia, nafasi iliyohesabiwa kuwa inatosha kugeuza pampu ya zimamoto. Hewa na jua kwa wapangaji havikuwamo kwenye hesabu. Mpango wa barabara wa James Hobrecht wa 1862 ulipokuja na vitalu vyenye kina kirefu, wenye nyumba walijaza kina hicho kwa nyumba nyuma ya nyumba, ua baada ya ua. Meyers Hof ya Ackerstraße ilikuwa na nyua sita mfululizo. Mabaki yake yalibomolewa 1972. Leo waweza kupitia mfululizo wa aina hiyo, wa hali bora zaidi, Hackesche Höfe, wa mwaka 1906, ulio wazi kwa wote.

Lisbon: mji uliojengwa upya kwa kanuni

Tetemeko la Novemba 1, 1755, mawimbi na moto uliofuata viliangamiza katikati ya Lisbon. Mhandisi mkuu, Manuel da Maia, aliorodhesha njia kadhaa za kufanya, kutoka kurudisha mji ulivyokuwa hadi kujenga pengine kabisa. Iliyochaguliwa ilikuwa kusawazisha eneo la chini, Baixa, na kupanga barabara upya. Michoro ni ya Eugénio dos Santos na Carlos Mardel.

Panda kutoka Praça do Comércio hadi Rossio kwa Rua Augusta, kisha urudi kwa barabara sambamba. Pima upana wa kila moja na wa zile zinazokatiza, gawanya kwa 0.22, upange daraja zake. Angalia fremu za mawe za madirisha: ni za vipimo vichache vinavyojirudia, kwa sababu zilichongwa kwa wingi na kuletwa tayari. Tazama juu ya mapaa utaona kuta nene zinazochomoza kati ya nyumba na nyumba; ni kuta za kuzuia moto. Majina ya barabara pia ni mpango: Rua do Ouro ya dhahabu, Rua da Prata ya fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu. Mgao wa kazi hizo ulitangazwa 1760.

Kilicho muhimu zaidi hakionekani. Ghorofa ya chini ni ya matao ya mawe. Kuanzia ya kwanza, ndani ya kuta mna fremu ya mbao yenye vipande vilivyopishana msalaba, *gaiola*. Mbao hupinda na kurudi ardhi inapotikisika, jiwe peke yake hupasuka. Kasoro iliyokuja baadaye ni ya kibiashara: wenye maduka na ofisi walikata kuta hizo za ndani ili wapate ukumbi mpana, na kila kilichokatwa kilipunguza nguvu ya kitalu kizima. Ukiingia mkahawa au hoteli iliyokarabatiwa, tafuta kipande cha ukuta kilichoachwa wazi. Misingi nayo imekaa juu ya nguzo za msonobari zilizopigwa kwenye ardhi chepechepe. Mti ukiwa majini daima hauozi, maji yakishuka huoza. Kwenye makumbusho ya chini ya ardhi ya Rua dos Correeiros utaziona nguzo hizo karibu na matangi ya Kirumi ya kutilia samaki chumvi. Ziara ni za kuongozwa, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Siku ileile panda Alfama, mtaa uliobaki na njia zake za zamani, upime vichochoro vitano. Weka mikato ya Alfama na ya Baixa kwenye karatasi moja kwa skeli moja, 1:200.

Msomaji wa pwani yetu asiondoke Lisbon bila kufika Museu Nacional de Arte Antiga. Chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, kazi ya Gil Vicente ya 1506, kina maandishi juu yake yasemayo kwamba kilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ile aliyoipeleka Vasco da Gama 1503. Monasteri ya Jerónimos, ambayo kila mwanafunzi huichora, ilijengwa kwa sehemu ya ushuru wa asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Historia ya mji wa Ulaya isiyouliza fedha ilitoka wapi ni pungufu, na hapa jibu limechongwa kwenye dhahabu yenyewe.

Majina ya mitaa ni hati

Berlin, eneo la Wedding, kuna mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, wenye Sansibarstraße, Ugandastraße na Kongostraße. Kuna nyumba za kupanga za msanifu Mies van der Rohe za 1926 na 1927 kwenye Afrikanische Straße, zinazostahili kuchorwa kwa ajili yake zenyewe. Lakini chora pia ramani ya majina na tarehe zake. Petersallee ilipewa jina 1939 kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye kwetu alijulikana kama Mkono wa Damu. Mwaka 1986 jina lilibaki lilelile ila ikatangazwa kuwa ni la Peters mwingine, mwanasiasa Hans Peters. Agosti 2024 barabara ilibadilishwa ikawa mbili: Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee. Kwa kila jina andika lilitolewa lini, na nani, na kibao kimebadilika lini. Kibao cha leo peke yake hakikuambii lolote kati ya hayo.

Ya kale yasiyo ya kale

Barcelona, Barri Gòtic huuzwa kama mtaa wa zama za kati. Sehemu yake kubwa ni kweli. Lakini uso wa kanisa kuu ulikamilika 1913, na daraja la Carrer del Bisbe, linalopigwa picha kuliko yote, ni la 1928. Mji Mkongwe wa Warsaw ulijengwa upya baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na Frankfurt ilikamilisha kitalu chake "cha zamani" 2018. Hatusemi majengo haya hayafai kusomwa. Yasome kama kazi za karne ya 20 na 21, uulize nani aliyataka na kwa nini wakati ule.

Barcelona hiyohiyo inafaa kwa kulinganisha mpango na kilichojengwa. Mhandisi Ildefons Cerdà, katika mpango wa 1859 wa kupanua mji, alitoa vitalu vya mita 113.3 kila upande, barabara za mita 20 na pembe zilizokatwa, majengo yakiwa pande mbili tu na bustani katikati. Wenye viwanja walijenga pande zote nne, wakapandisha, wakajaza katikati. Chora kitalu kimoja mara mbili: alichokitaka yeye, na kilichopo.

Milango, ruhusa na nyaraka

Makanisa mengi ya Roma hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa au kumi alasiri. Panga makanisa asubuhi na barabara mchana. Mabega na magoti yafunikwe. Kuchora kwa mkono hakukatazwi karibu popote. Kutumia kigoda cha kamera (tripodi) na kutandaza futi ndani kunataka ruhusa. Kwenye ua wa nyumba za watu, msalimie mlinzi wa mlango kwa lugha yake, mwonyeshe daftari kabla hajauliza, omba dakika kumi na usizizidishe. Majumba yasiyofunguliwa mwaka mzima hufunguliwa Siku za Urithi wa Ulaya. Ujerumani ni Jumapili ya pili ya Septemba.

Kwa hifadhi za nyaraka, nenda na pasipoti na barua ya profesa iliyogongwa muhuri. Ndani ni penseli tu. Usiende kuuliza "mna nini kuhusu mtaa huu". Nenda na namba. Roma, fungua ramani ya Catasto Gregoriano, rejesta ya viwanja iliyoanzishwa 1816 na kukamilika 1835, tafuta kiwanja chako, chukua namba yake, halafu omba daftari linaloorodhesha wenye viwanja kwa namba hizo. Kwa Lisbon omba faili la ujenzi la anwani kwenye hifadhi ya manispaa. Kwa Berlin faili hukaa kwa kila wilaya, na jengo lililohamishiwa wilaya nyingine mipaka ilipochorwa upya huenda faili lake halikuhama pamoja nalo. Vyumba vya kusomea hupunguza saa zake Agosti, vingine hufunga. Anayefika kiangazi afanye vipimo kwanza, nyaraka Septemba.

Mwishowe kusanya kila kitalu kwenye karatasi moja: ramani ya zamani, ramani ya kati, ya leo na mkato wako, zote kwa skeli moja, kaskazini ikiwa upande mmoja. Mstari uliobaki palepale kwenye ramani zote tatu utie wino mzito. Uliosogea utie rangi, uandike pembeni mwaka uliosogezwa na hati iliyokuonyesha. Pale usipokuwa na hati, acha penseli.